Ripita, waya au meshi kwa nyumba ya kuta za matumbawe?

Mkazi wa Mikindani
Ndugu wanajukwaa, naishi katika nyumba ya zamani yenye kuta nene za mawe ya matumbawe na chokaa. Ruta ya laini nimeiweka dirishani sebuleni, kwa kuwa hapo ndipo mtandao unaposhika vizuri, lakini katika chumba cha nyuma anachosomea binti yangu video hukwama kila mara. Dukani nimeona ripita ya kuchomeka ukutani, inayopokea mawimbi ya ruta na kuyarudia, kwa bei nafuu, jamaa mmoja ananihimiza nivute waya, na mwingine anazisifu ruta za meshi, yaani vipande kadhaa vya waifai vinavyofanya kazi kama mtandao mmoja. Kipi kinafaa kabla sijatoa pesa?

Fundi wa Ligula
Tutenganishe kwanza intaneti inayoingia na waifai inayoisambaza ndani. Ruta hupewa anwani moja na mtoa huduma, kisha hukigawia kila kifaa anwani ya ndani, ambayo mara nyingi huanza na 192.168, na huweka kumbukumbu ya nani ameomba nini ili jibu likirudi limfikie mwenyewe. Kwa hiyo laini ikileta megabiti 20 kwa sekunde, hata ukifunga ripita kila chumba mtagawana hizo hizo 20.

Kinachokusumbua ni ukuta. Masafa ya gigahezi 5 yana kasi lakini hufifia upesi kwenye jiwe, ilhali yale ya 2.4 hupenya zaidi. Kabla ya kununua chochote, ingia kwenye mipangilio ya ruta, yape masafa hayo majina mawili tofauti, kisha uunganishe chumba cha nyuma na 2.4.

Kuhusu ripita, zile za bei nafuu hupokea na kutuma kwa redio moja, hivyo kasi hushuka hadi karibu nusu. Tena watu wengi huichomeka kwenye chumba kile kile kisicho na mtandao, sasa sijui wanategemea irudie nini.

Mama Masasi
Fundi, ripita usiibeze. Kwangu imekaa ukumbini, mahali ambapo mawimbi bado yana nguvu, na inatosha kabisa kwa ujumbe na kusoma. Ila nyumba yangu ni ya matofali ya saruji. Hayo matumbawe siwezi kuyasemea.

Mtanda, Lindi
Kwa ukuta wa aina hiyo mimi nasimama na waya. Waya wa ethaneti hufika mita 100 bila kupoteza kasi, na mwisho wake unaweza kufunga ruta yoyote ya zamani iliyolala kabatini, mradi uifanye kituo cha waifai tu: izimie DHCP, yaani kazi ya kuvigawia vifaa anwani, ili anwani zitoke kwa ruta ya kwanza tu, ipe anwani isiyogongana na ya kwanza (kama ile ni 192.168.1.1, hii iwe 192.168.1.2), kisha uchomeke waya kwenye tundu la LAN (la vifaa vya ndani), si la WAN (la intaneti inayoingia). Ukiipa jina na nywila sawa na za ruta ya sebuleni, simu itahama yenyewe mtu anapotembea, ingawa baadhi ya simu hung'ang'ania ruta ya mbali.

Meshi ni nzuri, lakini vipande vyake visipounganishwa kwa waya huzungumza kupitia hewani, na jiwe litavikata vilevile. Utakuwa umelipa ghali kwa tatizo lile lile.

Mkazi wa Mikindani
Nashukuru sana. Je, ruta ya pili itahitaji bando lake? Na huo waya nitaupitisha wapi bila kutoboa ukuta wa babu?

Mtanda, Lindi
Bando ni moja, la ruta ya sebuleni, na ruta ya pili haihitaji hata laini. Waya upandishe juu ya fremu ya mlango, uufuatishe na boriti za dari, na usiulaze sambamba na nyaya za umeme. Kama kuna kipande kitakachopita nje, nunua waya wenye ganda la kustahimili jua, na vichwa vyake vibaki ndani, maana kwa chumvi ya bahari yetu shaba haichelewi kuota kutu ya kijani.

Fundi wa Ligula
Na umeme ukikatika, kumbuka sasa una ruta mbili za kuwasha. Ukinunua betri ya akiba, angalia volti zilizoandikwa kwenye adapta ya kila moja, kwa sababu nyingi ni za volti 12 lakini zipo za 9 na za 5.