Rejeo lipi la fezi kwa majaribio ya kHz 137: DCF77 au GPS?

Mkazi_wa_Hannover
Wakuu, habari zenu. Nipo Hannover, nataka kupima jinsi fezi (mahali wimbi lilipofika katika mzunguko wake) ya mawimbi marefu inavyobadilika kati ya mchana na usiku. Mtumaji ni mwenzangu wa Uingereza, bendi ya mita 2200 (kHz 135.7 hadi 137.8). Upande wangu kuna antena ya kitanzi, kipaza mawimbi na kadi ya sauti ya kHz 192. DCF77, kituo cha redio cha Ujerumani kinachotangaza saa, ipo Mainflingen, kama kilomita 270 kutoka hapa, na masafa ya wimbi lake yanafuata saa za atomiki. Je, niifanye rejeo (kipimo cha kulinganishia), au ninunue osileta (kifaa cha kuzalisha wimbi) inayofuata GPS?

KoiliNdefu
Ya GPS, mkuu, na mwenzako naye awe nayo, la sivyo utakuwa unapima kristali yake. Piga hesabu: kwenye kHz 137 mzunguko mmoja ni mikrosekunde 7.3, hivyo nyuzi moja ya fezi ni kama nanosekunde 20. Osileta yenye kosa la moja kwa milioni inasogeza fezi nyuzi 49 kila sekunde. Hata moja kwa bilioni ni nyuzi 178 kwa saa. Ukitaka kubaki chini ya nyuzi 2 kwa saa unahitaji kosa lisilozidi 10⁻¹¹.

DCF77 yenyewe ni safi, 2×10⁻¹² kwa wastani wa siku. Shida ni njia. Mchana, kwa umbali wako, wimbi la ardhini ndilo linalotawala. Usiku tabaka la D, la chini kabisa la ionosfia (hewa ya juu yenye chaji za umeme), linafifia, wimbi la angani linarudi kutoka urefu wa kilomita 90 hivi, linachanganyika na la ardhini, na fezi inayumba. Huo ndio muda unaotaka kupima. Mstari ukipanda kwenye grafu, hutajua ni njia ya Uingereza iliyosogea au ya Mainflingen.

Kigawanyo
Naongeza kuhusu kadi. Ikiwa na kHz 192 inasoma chini ya kHz 96 tu, kwa hiyo 137 haifiki, lazima uishushe kwa kuichanganya na wimbi jingine. Chukua MHz 10 ya GPS, gawa kwa 10 kwa nusu ya 74HC390, kisha kwa 8 kwa 74HC93 (zote ni chipu za kuhesabu mapigo). Unapata kHz 125 kamili, na bendi yote inashuka hadi kHz 10.7–12.8. Kabla ya kichanganyaji weka kichujio kizuri, maana kHz 112.2–114.3 nazo zitaangukia palepale.

Kuna mtego hapa. Kigawanyo cha 80 kikiwashwa upya kinaweza kuanza kwenye hatua yoyote kati ya 80, kila moja nyuzi 4.5. Umeme ukikatika katikati ya usiku, fezi inaruka na utadhani ni ionosfia. Ama usikizime kabisa, ama kirudishe sifuri kwa pigo la sekunde la GPS kila unapokiwasha.

Kristali ya kadi nayo ina kosa lake: moja kwa milioni kwenye kHz 12 bado ni nyuzi 4 kwa sekunde. Ingiza mapigo ya sekunde kwenye chaneli ya kulia, na programu ya Spectrum Lab itasahihisha kasi ya sampuli. Pigo la volti 3.3 ni kubwa mno kwa kadi. Rezista ya kilo-omu 10 mfululizo na omu 330 kwenda ardhini zinalishusha hadi volti 0.1.

Mkazi_wa_Hannover
Shukrani sana. Kwa hiyo DCF77 niiache kabisa?

KoiliNdefu
Usiiache, ifanye shahidi. Ipokee saa sita mchana kwa mnyororo uleule wa GPS, na kichujio cha 137 ukiwa umekiondoa. Fezi yake ikilala tambarare kwa saa nzima, mfumo wako ni mzima. Chukua wastani wa sekunde kamili, nyingi: kila alama ya sekunde ukubwa wa wimbi lake hushuka hadi asilimia 15, na fezi yake hurushwa makusudi kama nyuzi 15.6 huku na huku kwa msimbo ambao wastani wake ni sifuri.

Mwana_Morogoro
Kwetu Afrika Mashariki hakuna kituo cha namna hiyo karibu. Shahidi wetu awe nani?

Kigawanyo
Osileta ya rubidi. Inahama polepole kwa miezi, lakini kwa usiku mmoja inatosha kuumbua GPS iliyopoteza setilaiti.

Na nyote, angalieni antena kabla ya kulaumu saa. Kitanzi chenye Q (ukali wa mwitikio wake) ya 100, kapasita ikibadilika asilimia 0.1 tu kwa baridi ya usiku, kinasogeza fezi karibu nyuzi 6. Tumieni kapasita za C0G (zisizobadilika na joto), na mfunge rezista sambamba na kitanzi hadi Q ishuke kwenye 20. Hapo kosa linabaki kama nyuzi 1.