Ushauri: Kocha wetu anatajwa kwenda kwa mahasimu, tawi lifanye nini?

Katibu Mwanjelwa

Wakuu, habari za jioni. Naomba ushauri wa watu wanaoujua mpira nje ya uwanja. Sisi ni tawi la wanachama hapa Mbeya mjini, timu yetu ipo Championship, ligi ya chini ya Ligi Kuu, na jina la timu naliacha makusudi. Tetesi zimepamba moto kwamba mwalimu wetu anakwenda kwa majirani, mahasimu wetu wa ligi hiyohiyo, na zimebaki mechi saba.

Tunachokijua kwa hakika ni hiki: mkataba wake unaisha Juni 30. Mshahara wa miezi miwili haujaingia. Wiki iliyopita alionekana jukwaani akitazama mechi ya mahasimu, na wakala wake hajakanusha chochote.

Wanachama wamegawanyika. Kuna wanaotaka akazomewe Jumamosi, na kuna wanaotaka tuuandikie uongozi barua. Je, anaweza kuhama wakati dirisha la usajili limefungwa? Na tawi lina ubavu gani katika jambo hili?

Msitu wa Mafinga

Mkuu, dirisha ni la wachezaji. Kocha hana dirisha. Anaweza kuvunja mkataba Jumatatu na Alhamisi akawa kwenye benchi lingine, mradi makaratasi yake yamekamilika.

Mifano ipo hapahapa kwetu. Februari 2025 Sead Ramovic aliiacha Yanga akaenda CR Belouizdad ya Algeria, na Yanga wakamchukua Miloud Hamdi kutoka Singida Black Stars. Dirisha dogo lilikuwa limeshafungwa, ligi inaendelea, na Hamdi alitoka timu ya ligi hiyohiyo. Septemba 2025 Fadlu Davids akaondoka Simba kwenda Raja Casablanca, msimu ndiyo kwanza umeanza. Sven Vandenbroeck naye aliondoka Simba Januari 2021, mara tu baada ya kuiingiza timu hatua ya makundi ya Ligi ya Mabingwa Afrika.

Kwa hiyo msijifariji kwamba mpaka Juni hakuna kitu. Kinachomshika kocha ni mkataba na mshahara.

Gangilonga

Katibu, kabla hatujaenda mbali: mwalimu ni Mtanzania au mgeni? Jibu la swali hilo linabadilisha nusu ya ushauri.

Katibu Mwanjelwa

Ni raia wa nchi jirani, kaka. Wasaidizi wake wote ni Watanzania.

Gangilonga

Sawa. Basi hatari yenu kubwa ni ile miezi miwili, na hao mahasimu wanakuja baadaye.

Tangu Januari 1, 2021 kanuni za FIFA za hadhi na uhamisho zina sehemu inayowahusu makocha peke yao, na inafanya kazi pale kocha na klabu wanapokuwa wa mataifa tofauti, kama hapo kwenu. Klabu ikishindwa kulipa mishahara isiyopungua ya miezi miwili, kocha anaandika barua ya madai na kuipa klabu siku zisizopungua 15. Siku zikipita bila malipo, anavunja mkataba akiwa na sababu ya haki. Hapo hamumdai hata shilingi. Yeye ndiye anawadai: malimbikizo, na fidia inayoweza kufikia thamani ya mkataba uliobaki. Akishinda na klabu isilipe, adhabu inaweza kuwa kufungiwa kusajili wachezaji, hadi madirisha matatu mfululizo. Timu yenye kikosi cha Championship ikikosa hata madirisha mawili, imekwisha.

Sasa angalieni upande wa pili. Uongozi ukilipa ndani ya hizo siku 15, sababu yake imekufa. Akiondoka baada ya hapo, yeye ndiye mvunja mkataba na klabu inaweza kumdai fidia. Kwa hiyo jambo la kwanza tawi liulize: barua ya madai imeshafika ofisini? Ina tarehe gani? Kuna makatibu wa klabu wanaopokea barua kama hiyo na kuiweka kwenye droo wakidhani ni malalamiko ya kawaida, na siku zinahesabika.

Jambo la pili ni kibali cha kazi. Kibali cha mgeni hutolewa kwa mwajiri aliyekiomba. Akihamia kwa majirani, hawezi kutumia kibali chenu, wao wanaomba kipya. Ndiyo maana kila msimu tunaona makocha wa kigeni wakikaa jukwaani huku msaidizi akiongoza mechi. Kwa mechi saba zilizobaki, jirani mwenye akili hatajisumbua. Atasubiri Julai, mkataba umeisha, hakuna fidia ya kumlipa mtu.

Angekuwa Mtanzania, mngeanza na mkataba wenyewe pamoja na Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini, ambayo kwa anayelipwa kwa mwezi inataka notisi isiyopungua siku 28, na mgogoro ungeishia kwenye vyombo vya shirikisho la soka, TFF, au Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, CMA, kutegemea mkataba unasemaje.

Kona ya Kabwe

Mimi niseme juu ya tetesi zenyewe, maana hapo ndipo vijiwe vinapotea.

Kocha kuonekana kwenye mechi ya mahasimu si dalili ya chochote. Ni kazi yake. Kama mna mechi nao mbele, angekuwa mzembe asipokwenda. Kukutwa hotelini na kiongozi wao nako si ushahidi, mji wenyewe huu huu, hoteli za kufikia wageni zinahesabika. Na wakala kukaa kimya ni biashara ya wakala. Mkataba unakaribia kuisha, tetesi inapandisha bei, kwa nini azizime?

Angalieni kazi anayoifanya. Kocha anayebaki huanza kuzungumzia msimu ujao kabla huu haujaisha: anataja nafasi anazotaka zisajiliwe, anauliza kambi ya maandalizi itakuwa wapi, anapandisha vijana wawili watatu kutoka timu ya vijana waje wazoee mazoezi. Anayeondoka hafanyi hayo. Ripoti ya usajili haipeleki, na ukimuuliza anasema tumalize kwanza ligi. Anacheza na wazoefu tu, kwa sababu faida ya kumkuza kijana ataivuna mwingine. Halafu angalieni wasaidizi wake. Kocha wa viungo na kocha wa makipa wakianza kuulizia mikataba yao kwa pamoja, jueni benchi zima limeshaambiwa kitu.

Pia mjiulize: majirani watamlipa nini ambacho ninyi hamlipi? Timu za huku hazipishani sana mifuko. Kocha anayefanya vizuri Nyanda za Juu Kusini kwa kawaida anavutwa na Dar es Salaam. Juma Mwambusi aliipandisha Mbeya City, msimu wake wa kwanza Ligi Kuu, 2013/14, ikamaliza nafasi ya tatu nyuma ya Azam na Yanga. Mwaka 2015 akaenda Yanga kuwa msaidizi wa Hans van der Pluijm. Ngazi ya ukocha nchini imejengwa hivyo. Jirani anakuwa na nguvu pale tu anapolipa kwa wakati na wewe hulipi, au pale anaponusa kupanda na kocha aliyenaye hana leseni inayotakiwa juu. Ligi Kuu kocha mkuu anatakiwa kuwa na leseni ya CAF A. Mwalimu wenu anayo?

Katibu Mwanjelwa

Anayo, na kocha wa mahasimu hana. Hilo hatukulifikiria kabisa.

Kona ya Kabwe

Basi hapo tetesi ina miguu. Tazameni msimamo wa ligi. Timu mbili za juu zinapanda moja kwa moja, ya tatu na ya nne zinakwenda kwenye mchujo. Mahasimu wakiwa ndani ya nne bora, wanamhitaji mwenye karatasi kabla ya Julai. Wakiwa nafasi ya tisa, hawana haraka naye.

Mama Uyole

Wanangu, kumzomea ni kumfungulia mlango. Kocha mwenye malimbikizo ya miezi miwili akizomewa na mashabiki wa nyumbani, wakala anarekodi ile video na kuituma kwa kila klabu inayomtaka: mteja wangu hatakiwi huku, ongezeni kidogo aje. Na wachezaji je? Wao nao hawajalipwa. Wakiona mwalimu anazomewa kwa kudai jasho lake, mechi saba mtazitafuta.

Mkitaka kusema Jumamosi, mwambieni mwenye deni. Bango moja, lugha ya staha, jukwaa la wanachama: LIPENI BENCHI LETU. Msimtaje kocha kwa jina. Msitaje mahasimu.

Mwana Tukuyu

Namheshimu sana Mama Uyole ila bango peke yake halitoshi. Tawi ni chombo cha klabu kikatiba, litumie haki hiyo. Barua iende kwa katibu mkuu wa klabu, nakala kwa mwenyekiti wa matawi. Isizidi ukurasa mmoja. Iulize mambo matatu tu yenye jibu la ndiyo au hapana: barua ya madai imepokelewa, malipo yatafanyika tarehe gani, mazungumzo ya mkataba mpya yameanza. Barua ikijaa lawama za usajili na jezi, wataijibu hiyo ya jezi na kuyaacha hayo mengine.

Mkiwa na harambee ya tawi, msimpe kocha fedha mkononi. Fedha iingie akaunti ya klabu ikiwa na maelezo kwamba ni mchango wa mishahara ya benchi la ufundi, na stakabadhi mchukue. Mkimpa mkononi, kwenye madai bado atahesabika hajalipwa.

Gangilonga

Mwana Tukuyu kasema vizuri. Naongeza kuhusu mkataba mpya, maana mkifanikiwa kumbakiza bila kubadili mkataba, mwakani mtarudi hapa na uzi huuhuu.

Viongozi wengi wanakimbilia kipengele cha kumkataza kocha asifundishe mahasimu kwa mwaka mmoja. Hicho ni dhaifu, kumzuia mtu kufanya kazi anayoijua ni vigumu kutetea mbele ya chombo chochote. Kinachosimama ni fedha iliyotajwa kwa tarakimu. Ningeandika hivi: “Kocha akivunja mkataba bila sababu ya haki na kujiunga na klabu ya ligi hii ndani ya msimu husika, atalipa fidia sawa na mishahara yote iliyobaki. Akijiunga na klabu ya nje ya nchi, atalipa mishahara ya miezi mitatu.” Na klabu ikimfukuza ilipe kiwango kinacholingana, la sivyo kitaonekana cha upande mmoja.

Muda nao ni muhimu. Mkataba unaoisha Juni 30, ukifika Machi fidia yake imebaki miezi mitatu minne, anayemtaka anailipa kirahisi. Wa miaka miwili unampa jirani hesabu ngumu zaidi. Mikataba ya wasaidizi isiishe siku moja na wa kocha mkuu. Msaidizi mmoja abaki na miezi sita mbele, ili akiondoka bosi kuna anayejua mzigo wa mazoezi wa kila mchezaji na nani ana goti bovu.

Fundi Makambako

Hamjagusa uwanja. Tuseme ameondoka kweli, na mna mechi na mahasimu. Anajua nini?

Mfumo wenu anaujua, ila na kocha mwingine yeyote akitazama video za mechi tatu ataujua. Hilo lisiwasumbue. Mali anayoondoka nayo ni mipira ya kufa, ile inayopigwa ikiwa imesimama kama kona na penalti. Kona ndiyo hatari zaidi. Mpigaji akiinua mkono mmoja ni mlingoti wa karibu, akiinua miwili ni wa mbali, akishika soksi ni pasi fupi. Yeye ndiye aliyezitunga alama hizo. Beki wa mahasimu akizijua, atakuwa ameshafika pale kabla mpira haujapigwa. Vivyo hivyo kwa penalti: anajua mpigaji wenu wa kwanza anapopaniki anapiga kulia kwa kipa, na anajua kipa wenu huanza kuruka upande gani.

Kona zinabadilika ndani ya wiki moja. Futeni alama zote za mkono, tumieni namba anayoitamka nahodha. Badilisheni mpigaji, wa mguu wa kushoto apige upande aliokuwa anapiga wa mguu wa kulia, ili mpira uliokuwa unaingia ndani sasa utoke nje. Dakika 20 mwisho wa mazoezi kwa siku nne zinatosha kwa kona mbili mpya, msijaribu tano. Kwenye ulinzi wa kona, kama mlikuwa mnakaba mtu kwa mtu, wekeni wawili wakabe eneo la mlingoti wa karibu, maana huko ndiko atakakowaelekeza wapige.

Penalti: orodha mpya, na mpigaji asiulizwe uwanjani.

Kilicho kigumu ni namna mnavyokaba kwa pamoja mkipoteza mpira. Hiyo imejengwa kwa miezi, msiiguse katikati ya ligi hata kama anaijua. Mkiigusa mtafungwa na timu zote, siyo na mahasimu tu.

Katibu Mwanjelwa

Ndaga, wakuu. Barua nitaipeleka kwa mkono kesho asubuhi. Swali la mwisho: nakala tuipeleke pia TFF na Bodi ya Ligi?

Gangilonga

Hapana, si sasa. Ikifika huko kabla klabu haijajibu, mmewapa mahasimu uthibitisho wa maandishi kwamba mshahara haujalipwa, na wakala wake ataupata siku hiyohiyo. Peleka kwa katibu mkuu, gonga muhuri wa kupokelewa kwenye nakala yako, andika tarehe na saa. Wape siku saba. Na ukiwa pale mapokezi, omba uoneshwe daftari la barua zilizoingia mwezi huu. Kama ya mwalimu imo, hesabuni siku 15 kuanzia tarehe ile, na uongozi uambiwe tarehe ya mwisho kwa mdomo palepale, usisubiri wajibu barua.