Nyumba za ibada za Waquaker: mbona milango miwili mbele?

Swali: Wadau, nyumba nyingi za zamani za Waquaker (dhehebu la Kikristo, huitwa pia Marafiki) kule Pennsylvania, Marekani, zina milango miwili mbele na ukuta wa mbao katikati. Vya nini?

Jibu: Ibada ilikuwa ya pamoja. Ikiisha, ukuta unafungwa, wanaume na wanawake kila upande na kikao chao cha shughuli za jumuiya. Nyumba ya Buckingham, huko huko Pennsylvania, 1768, ndiyo iliyoweka mfano: vyumba viwili sawasawa. Kabla ya hapo wanawake mara nyingi walipewa chumba kidogo cha kuongezea pembeni, kwa hiyo usawa ule si jambo dogo.

Jibu: Ukuta huo ndio husumbua mafundi. Mbao zinazoteleza kwenye mifereji zikipata unyevu huvimba na kukwama. Ukizilazimisha, fremu inapasuka. Usikimbilie randa! Ziba kwanza paa linalovuja, ziache zikauke, kisha paka nta mferejini. Ukiranda zikiwa mbichi, kiangazi zitalegea.

Jibu: Angalieni pia mabenchi ya mbele yaliyoinuliwa, yanayowatazama watu: ya wazee na wahubiri. Madhabahu hakuna. Nyumba ya ibada ya Hertford, Uingereza, iliyojengwa 1670, inatumika hadi leo. Kenya, tangu misheni ya Kaimosi ya 1902, Marafiki wengi huabudu kwa mahubiri na nyimbo badala ya ibada ya kimya ya zamani, hivyo mpangilio wa ndani ni mwingine.