Kila jioni mama anataka "kurudi nyumbani"

DadaKondele:
Mimi ni mhudumu wa afya ya jamii, Kisumu. Mama mmoja mwenye dimensia (ugonjwa wa ubongo unaoleta usahaulifu na kuchanganyikiwa) hufungasha leso zake kila saa 12 jioni, anasema anarudi nyumbani, Nyakach. Familia imeanza kumfungia geti. Tufanyeje?

Muuguzi_Nakuru:
Msimbishie, wala msimwambie "kwako ni hapa", hofu itazidi. Muulizeni Nyakach kuna nani, mtembee naye uani dakika 10 hivi, kisha mrudi kwa uji. Washeni taa kabla giza halijaingia, maana vivuli humtisha. Chai ya rangi iishie mchana.

Otis_K:
Kuchanganyikiwa kukizidi ghafla, ndani ya siku moja au mbili, msisingizie dimensia. Apelekwe kliniki apimwe mkojo na malaria. Choo kigumu pia huleta fujo hiyo.

MwalimuMaseno:
Mwanaanthropolojia Janelle Taylor wa Marekani aliandika mwaka 2008 kuhusu swali ambalo kila mtu humuuliza anayeuguza: "Bado anakutambua?" Akaligeuza: sisi je, bado tunamtambua yeye? Kumfungia geti tu si kumtambua. Mpeni maharagwe achambue kwenye uteo kuanzia saa 11. Akirudia yaleyale, mwacheni. Ana kazi yake.