Maji ya kisima yamechafuka baada ya mvua, naomba ushauri
Habari zenu wakuu. Niko Buhongwa, Mwanza. Kisima changu ni cha kuchimba kwa mkono: upana mita 1, maji yakisimama yanafika mita 3. Tangu mvua ya juzi, maji yana rangi ya chai ya maziwa. Kinachoninyima usingizi ni choo cha jirani, kipo mita 14 tu, tena upande wa juu, na huku ni miamba yenye nyufa.

Nimeziba ufa kwenye zege la mdomoni na kuyatoa maji yote kwa pampu mara mbili, yanarudi vilevile. Ya kunywa tunachemsha. Mtoto ana miaka 2.

Klorini ya unga niweke kiasi gani kwa lita 2,300 hivi? Na kwa umbali huo wa choo, klorini itasaidia kweli au tuache kabisa kuyanywa?