Fanksheni moja, majibu mawili: uftrace na perf hazikubaliani

Msaka_Sekunde
Wakuu, habari za kazi. Nina programu ya C++ inayopokea rekodi na kuziandika diskini, na kwa siku tatu nimekuwa nikitafuta kinachoichelewesha. Nilipoikompaili kwa `-pg` (inayotia alama za kunasa kila fanksheni) na kuiendesha chini ya uftrace, zana inayopima kila mwito wa fanksheni, fanksheni yangu `hifadhi_rekodi()` ilionyesha wastani wa milisekunde 48 kwa kila mwito, na huitwa mara 60 hivi. Nilipotumia `perf record`, inayochukua sampuli za programu ikiendelea, fanksheni hiyo haikufika hata asilimia 1 ya sampuli. Iliyoongoza ni `linganisha()`, yenye mistari mitatu tu, ambayo sikuwahi kuishuku. Isitoshe, chini ya uftrace programu nzima huchukua sekunde 9, ilhali ikiachwa yenyewe humaliza kwa sekunde 4. Niamini zana ipi?

KodiSafi
Amini perf. Zana inayozidisha muda maradufu haiwezi kukupa kipimo cha kweli.

Fundi_Keneli
Mkuu KodiSafi, hapo umeharakisha. Zana hizi mbili hazijibu swali moja. uftrace hunakili saa fanksheni inapoingiwa na tena inapotoka, kisha hutoa tofauti; muda ambao uzi (thread) ulikuwa umelala ukisubiri diski au kufuli unahesabiwa humo humo. `perf record`, isipopewa maelekezo mengine, huchukua sampuli kwa kufuata mizunguko ya prosesa, na uzi uliolala hautumii mizunguko, kwa hiyo hauonekani kabisa. Fanksheni inayongoja sana na kukokotoa kidogo itakuwa kubwa upande mmoja na kutoweka upande wa pili, bila zana yoyote kukosea. Hebu tuwekee kipande cha `uftrace replay`.

Msaka_Sekunde
Hiki hapa, mkuu:

```
            [ 2210] | hifadhi_rekodi() {
   0.412 us [ 2210] |   andaa_kichwa();
  11.870 us [ 2210] |   write();
  47.893 ms [ 2210] |   fsync();
  47.921 ms [ 2210] | } /* hifadhi_rekodi */
```

Fundi_Keneli
Basi jibu umelishika mkononi. Kazi ya fanksheni yenyewe, ukiondoa ilizoziita, ni kama mikrosekunde 16. Zilizobaki ni `fsync()` ikingoja diski ithibitishe kwamba data imefika. Ukitaka uhakika usiotegemea zana yoyote, soma `CLOCK_MONOTONIC` na `CLOCK_THREAD_CPUTIME_ID` kabla na baada ya mwito: saa ya kwanza huhesabu muda uliopita, ya pili huhesabu muda ambao uzi ulikuwa juu ya prosesa, na tofauti yake ni kungoja.

Bi_Nyuzi
Naomba niongeze kuhusu `linganisha()`, kwa sababu hapo ndipo KodiSafi ana hoja. Je, huitwa mara ngapi?

Msaka_Sekunde
Zaidi ya mara milioni 20, dada.

Bi_Nyuzi
Ndipo zilipokwenda sekunde zako 5 za ziada. Kila mwito hulipa gharama ya kunaswa kwenye kuingia na kutoka, na mwili wa fanksheni unapokuwa wa nanosekunde chache tu, unachokipima ni kipimo chenyewe. Katika milisekunde 48 gharama hiyo haionekani. Katika nanosekunde 50 inameza kila kitu. Usidhani kwamba `-t 1ms`, inayoacha miito ya chini ya milisekunde 1, itakuokoa: chujio hilo hupunguza kinachohifadhiwa, lakini fanksheni bado inanaswa. Itie `linganisha()` alama ya `__attribute__((no_instrument_function))` ili isinaswe, ukompaili upya, na muda wake uusome kwa perf. Jambo jingine: je, ulikompaili kwa `-O0`, yaani bila uboreshaji?

Msaka_Sekunde
Ndiyo, ili majina yote yaonekane.

Bi_Nyuzi
Hapo ulipima programu nyingine kabisa. Rudia kwa `-O2 -g -pg`, ambapo `-O2` huwasha uboreshaji. Huenda `linganisha()` ikamezwa ndani ya fanksheni inayoiita na jina lake likapotea kwenye orodha ya uftrace. Usishtuke, muda wake utakuwa umehamia kwa mwitaji.

Msaka_Sekunde
Nimerudi. Kwa `-O2`, na `fsync()` moja kwa kila rekodi 20 badala ya kila rekodi, programu inamaliza kwa sekunde 0.6, na uftrace haiongezi chochote cha maana.

Fundi_Keneli
Vizuri, ila hakikisha aliyekutumia rekodi hapati jibu la «imepokelewa» kabla ya `fsync()` ya fungu lake kurudi. Umeme ukikatika katikati, rekodi hadi 19 zitakuwa zimeahidiwa bila kuwepo diskini. Kisha endesha `uftrace report --avg-total` uangalie safu ya muda wa juu kabisa, kwa kuwa wastani huficha mwito mmoja uliokwama.