Dola 15 tu mfukoni: unda safu yako ya ushambuliaji ya muda wote, futiboli ya Kimarekani (si soka) ya vyuo. Tupeane uzoefu

Mbeba_Maboksi_Columbus: Wakuu mlioko huku, wiki iliyopita tukiwa mapumziko hapa ghalani, jamaa mmoja wa Alabama alichora orodha kwenye kifuniko cha boksi: kwotabeki (mrushaji mpira), mkimbiaji na mpira, wapokeaji wawili wa kudaka na kibonge mmoja wa kumkinga kwotabeki. Wachezaji wa miaka yote, bei dola 1 hadi 5, na wewe una 15. Aliyoyafanya mtu NFL, ile ligi ya kulipwa, hayahesabiwi.

Nikavamia kama nimepokea mshahara leo. Barry Sanders, 5: mwaka 1988 pale Oklahoma State alikimbia yadi 2,628 kwa mechi 11. Kwotabeki Vince Young, 5: fainali ya Rose Bowl ya Januari 2006, Texas yake wako nyuma, zimebaki sekunde 19, akaingia na mpira mwenyewe eneo la kufungia, upande wa kulia. Wapinzani USC wakafa 41-38. Mpokeaji Randy Moss nikampata kwa 3 maana Marshall ni chuo kidogo. Nikabaki na dola mbili za watu wawili! Kibonge wangu hata jina sikulijua. Jamaa akaniuliza, "Sasa Vince atarusha akiwa chali?"

BabaMapacha: Umeezeka nyumba haina kuta, mkuu. Mimi naanza na kibonge Orlando Pace wa Ohio State, 5, wala siombi punguzo. Mwaka 1996 alishika nafasi ya nne kura za Heisman, tuzo ya mchezaji bora wa vyuo ambayo vibonge hawaioti. Kwotabeki dola 1, Doug Flutie wa Boston College. Kazini kwetu walimshusha bei kwa ufupi wake. Mfupi huyohuyo mwaka 1984 alirusha mpira wa mwisho, muda umeisha, Miami wakalala 47-45.

Mama_DesMoines: Huku wazee hawakuachi umalize orodha bila mkimbiaji Troy Davis wa Iowa State. Dola 1! Alivuka yadi 2,000 mwaka 1995, akavuka tena 1996, Heisman akanyimwa. Timu yake misimu yote miwili ilishinda mechi 5 tu, nani angemtazama? Nilicheka, nikaenda kuangalia video zake, nikarudi kimya.

Sele_wa_Dallas: Mpokeaji Jerry Rice, 2. Mississippi Valley State, tachidauni 27 (kudaka mpira eneo la kufungia) mwaka 1984. Baba yake alikuwa mwashi, na yeye alikuwa anadaka matofali anayorushiwa na kaka zake. Mpira utamponyokaje? Ila mimi nilikosea hesabu, nikafika 16, wakanifutia kwotabeki. Nilicheza bila mrushaji.

Mbeba_Maboksi_Columbus: Vince simuuzi, mnitukane tu. Barry namwachia, roho inauma, anaingia Troy. Pace 5, Rice 2. Hapo 13. Moss wa 3 hanunuliki tena, na Jumatatu jamaa ananingoja na kifuniko chake. Mpokeaji wa dola 2, leteni majina.